Barua za Aprili: Chemba ya Oksijeni, Lawama za Ndugu na Mate ya Utafiti

Kila inapokaribia Aprili 2, siku ambayo Umoja wa Mataifa uliitenga mwaka 2007 kwa ajili ya usonji (autism, ukuaji tofauti wa ubongo unaogusa mawasiliano), barua za safu hii huongezeka maradufu. Mwezi huu sichanganyi mada, barua zote ni za usonji. Nimezifupisha tu. Kwa msomaji mgeni: mimi ni mtaalamu wa tiba ya usemi, na ni dada wa mwanamume mwenye usonji ambaye hajawahi kutamka sentensi nzima kwa mdomo wake. Ana miaka 46 na ana maoni kuhusu kila kitu.

Dada, mwanangu wa kiume ana miaka mitatu na nusu. Hasemi. Akitaka kitu ananivuta mkono mpaka kilipo. Kuna kliniki inatushauri tumwingize kwenye chemba ya oksijeni, kile chumba cha kupumulia oksijeni kwa shinikizo, vipindi arobaini, na wametuonyesha video za watoto waliopona. Mtaalamu mwingine anataka kumpa kadi za picha, lakini mama mkwe anasema akizoea kadi hatasema kamwe. Pesa tuliyo nayo inatosha kitu kimoja. — Mama aliyechoka kushauriwa

Mama, chukua kadi. Nimelitanguliza jibu kwa sababu najua unasoma huku jicho moja liko kwake.

Hofu ya mama mkwe wako si ngeni. Kuna wakati hata wenzangu wa fani hii walikuwa nayo, ndiyo maana ikapimwa. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2006 yaliwaangalia watu wenye ulemavu wa ukuaji waliopewa kadi, ishara za mikono au vifaa vinavyotoa sauti. Kati ya 27 ambao ushahidi wao ulikuwa imara zaidi, hakuna hata mmoja ambaye usemi wake ulipungua, na wengi waliongeza maneno ya mdomo, ingawa mara nyingi ni machache. Siwezi kukuahidi kwamba mwanao atasema. Ninachoweza kukuambia ni kwamba kadi haitamnyang'anya sauti.

Na usimhesabu kama mtoto asiyewasiliana. Anayekuvuta mkono anajua kwamba wewe ni mtu, kwamba unaweza kumsaidia, na kwamba lazima akufikishie ujumbe. Tatizo la kuvuta mkono ni moja: kunafaa kwa vitu vilivyopo tu. Kadi inamwezesha kuomba kitu ambacho hakiko chumbani.

Anza na kitu kimoja anachokipenda kweli. Kadi iwe karibu na mkono wake. Akikupa, mpe kitu papo hapo huku ukikitaja kwa sauti yako ya kawaida. Usimwambie "sema kwanza". Usizifungie kadi kabatini akifanya utundu, maana huko ni kumziba mdomo. Tengeneza mapema kadi ambazo wazazi huzisahau kwa kuwa hazipendezi: "hapana", "basi" na "panauma". Kaka yangu alipata tableti yenye sauti akiwa mtu mzima, na kitufe anachokibonyeza kuliko vyote kinasema "wageni waende sasa". Amewahi kukibonyeza mbele ya bosi wangu, mara mbili mfululizo, na bosi akaondoka.

Sasa chemba. Ina kazi yake ya kweli, kwa mzamiaji aliyepanda juu haraka mno au mtu aliyevuta moshi wenye kaboni monoksaidi. Kwa usonji, majaribio yaliyowalinganisha watoto wa chemba na watoto wa chemba ya kuigiza hayakuleta ushahidi wa faida ya kutegemewa, na shinikizo lake laweza kuumiza masikio. Utaniuliza kama video ulizoonyeshwa ni za uongo. Huenda si za uongo, na hapo ndipo ugumu ulipo. Ngoja nikupe kisa cha sekretini.

Sekretini ni homoni ya utumbo ambayo madaktari huitumia kupima kazi ya kongosho. Mwaka 1998, huko Marekani, zilienea habari za watoto watatu wenye usonji waliochangamka baada ya kuchomwa homoni hiyo wakati wa vipimo vya tumbo. Wazazi wakaitafuta kwa udi na uvumba. Mwaka uliofuata watafiti wakawagawa watoto wapatao 60 kwa kura: wengine wakachomwa sekretini, wengine maji ya chumvi, na wazazi hawakujua mtoto wao kapata ipi. Baada ya wiki nne makundi yote mawili yalikuwa yamepiga hatua, na hatua zilikuwa sawa. Maji ya chumvi yalifanya kazi sawasawa na homoni! Lakini sehemu ninayowasomea wanafunzi wangu kila mwaka ni hii: wazazi walipoelezwa matokeo, asilimia 69 walisema bado wanaitaka sekretini.

Siwacheki. Mtoto wa miaka mitatu hukua, awe na usonji au asiwe nao. Mzazi aliyelipa pesa nyingi humtazama mtoto kwa makini zaidi na huona mambo ambayo wiki iliyopita yangempita. Video ya "kabla na baada" huchukua ukuaji, matumaini na tiba kwa pamoja, wala haina njia ya kuvitenganisha. Ndiyo maana kuna kundi la maji ya chumvi. Waulize watu wa kliniki hiyo la kwao liko wapi.

Na wakishakukosa kwenye chemba, wakakuhamishia kwenye dawa za kutoa metali mwilini au matone ya "kuua vijidudu", ondoka. Mwaka 2005 mtoto wa miaka mitano mwenye usonji alifariki Marekani akiwa anapewa dawa ya kutoa metali. Matone nayo hugeuka kemikali ya kupaushia.

Hakikisha masikio yake yamepimwa, kama bado. Kisha, pesa ikibaki, itumie kwa mtu atakayekufundisha wewe badala ya kumkalisha mtoto mezani peke yake. Uingereza walijaribu njia hiyo kwa watoto 152 wenye usonji walio chini ya miaka mitano: mtaalamu humrekodi mzazi akicheza na mtoto, kisha wawili hao huitazama video na kutafuta nyakati ambazo mtoto aliomba kitu kwa jicho au kwa bega na mtu mzima hakuona. Matokeo ya kwanza, mwaka 2010, yalikuwa ya wastani. Walipowarudia watoto hao miaka sita hivi baadaye, tofauti ndogo bado ilikuwepo. Ni ndogo, lakini kudumu miaka sita si mchezo, na haikuhitaji mashine.

Mtoto wetu wa kike amegundulika na usonji. Tangu siku hiyo ndugu zangu wanamsema mke wangu: mara alikuwa mkali kwa mtoto, mara alimeza parasetamo akiwa mjamzito, mara ni ile chanjo. Naye ameanza kuamini. Nataka maneno ya kuwajibu. — Baba wa mtoto mmoja

Baba, ndugu zako wamerithi lawama ya kale bila kujua. Leo Kanner, daktari wa hospitali ya Johns Hopkins, Marekani, aliyeeleza usonji mwaka 1943 kwa kutazama watoto 11, aliandika pia kuhusu ubaridi wa wazazi wao. Bruno Bettelheim wa Chicago akalipanua wazo hilo mwaka 1967 kwa kitabu kizima, na kwa miaka mingi akina mama wakapelekwa wao kwa wataalamu wa akili huku watoto wakitengwa nao. Hakukuwa na ushahidi. Bernard Rimland, mwanasaikolojia aliyekuwa na mtoto mwenye usonji, alikuwa ameshaivunja hoja hiyo mwaka 1964, na Kanner mwenyewe baadaye aliwaambia wazazi hawana hatia. Walishatibiwa wengi mno kwa kosa lisilokuwepo.

Mwaka 1977 Susan Folstein na Michael Rutter walichunguza jozi 21 za mapacha ambamo angalau mmoja alikuwa na usonji. Kwa mapacha wanaofanana, jozi 4 kati ya 11 zilikuwa na usonji kwa wote wawili. Kwa wasiofanana, kati ya jozi 10, hakuna. Tangu hapo tafiti zimekuwa kubwa. Mmoja wa mwaka 2019, uliohusu watu zaidi ya milioni mbili katika nchi tano, ulikadiria kwamba takriban asilimia 80 ya tofauti kati ya watu kuhusu usonji inatokana na urithi wa jeni. Jeni hizo ni nyingi, kila moja na mchango wake, nyingine huanza upya kwa mtoto bila mzazi yeyote kuwa nazo. Kwa hiyo usije ukatoka hapa na lawama mpya ya "ni ukoo wenu".

Chanjo: kelele ilianza mwaka 1998 kwa makala ya Andrew Wakefield katika jarida la kitabibu The Lancet, yenye watoto 12, iliyoihusisha chanjo ya surua na usonji. Jarida liliifuta mwaka 2010 na mwaka huohuo akaondolewa kwenye rejista ya madaktari Uingereza. Denmark waliwafuatilia watoto 657,461. Waliopata chanjo ya surua, matubwitubwi na rubela hawakuwa na usonji zaidi ya wasioipata. Parasetamo: watafiti wa Sweden, mwaka 2024, walitazama watoto karibu milioni mbili na nusu. Kwa hesabu ya juujuu palionekana tofauti ndogo. Walipowalinganisha ndugu wa tumbo moja, mimba moja mama alitumia na nyingine hakutumia, tofauti ikatoweka. Homa kali isiyotibiwa kwa mjamzito, hiyo ina madhara yanayojulikana.

Lakini ulitaka maneno ya kuwajibu ndugu, na ninahofia ukiwasomea takwimu watakuletea nyingine kutoka kwenye simu. Mimi ningewaambia hivi: "Jumamosi nahitaji mtu wa kukaa na binti yangu saa mbili ili mama yake alale. Nani anakuja?" Atakayekuja mjibu maswali yake yote. Asiyekuja hana swali.

Nina miaka 27, nimethibitishwa kuwa na usonji mwaka jana. Nimealikwa kwenye utafiti: wanataka mate yangu kwa ajili ya DNA na dodoso refu. Nataka kusaidia sayansi, lakini kuna kitu kinanisumbua na sijui ni nini. Pia, nimechoka mno tangu nithibitishwe. Hilo nalo ni usonji? — Binti wa mate

Mdogo wangu, kinachokusumbua kimewasumbua maelfu. Agosti 2021, Uingereza, ulizinduliwa mradi mkubwa ulioongozwa na Simon Baron-Cohen wa Cambridge, uliokusudia kukusanya DNA ya watu 10,000 wenye usonji. Wiki chache baadaye ukasimamishwa. Wenye usonji wenyewe walihoji: DNA yetu itakaa wapi, nani ataitumia baada yenu, na mnatuhakikishiaje kwamba haitakuja kutumika kuzuia watu kama sisi wasizaliwe? Na kwa nini mnatuuliza leo, baada ya kupanga kila kitu? Watafiti walisema hawatafuti tiba wala kinga. Hata hivyo maswali yalikuwa halali, na mimi, ambaye kaka yangu hawezi kuyauliza kwa mdomo, niliyafurahia.

Kuna tatizo la pesa pia. Elizabeth Pellicano na wenzake walipochambua matumizi ya utafiti wa usonji Uingereza, matokeo yakachapishwa mwaka 2014, zaidi ya nusu ilikwenda kwenye biolojia na ubongo. Wenye usonji na familia walipoulizwa wanataka nini, walitaja huduma, ajira, maisha ya kila siku. Sisemi biolojia haina maana. Kifafa ni cha kawaida zaidi kwa watu wenye usonji, na bila biolojia hatutakielewa. Ila mtu anayeomba njia ya kuishi na chumba chenye kelele akapewa ramani ya kromosomu ana haki ya kununa.

Kabla ya kutema mate, waandikie. Uliza kama kuna mtu mwenye usonji aliyeshiriki kupanga maswali, analipwa na ana kura. Uliza data itapewa nani nje ya chuo chao, na kama ukijitoa DNA yako inafutwa au inaachwa huko ilikoshafika (mara nyingi iliyoshagawiwa hairudi, wakikiri hilo kwa uwazi, ni dalili njema). Uliza jeni zako zinasema nini kuhusu ndugu zako ambao hawakutia saini. Wakikujibu kwa lugha ya kueleweka ndani ya muda, shiriki kwa moyo mweupe. Wakikutumia kipeperushi, tunza mate yako.

Zipo tafiti ambazo mimi ningekusukuma uziingie bila kusita. Mwaka 2020 Catherine Crompton na wenzake walipanga watu kwenye minyororo ya wanane, kila mmoja akimsimulia anayefuata hadithi ileile. Mnyororo wa wenye usonji watupu ulihifadhi hadithi sawasawa na mnyororo wa wasio na usonji. Hadithi ilipotea zaidi pale walipochanganywa. Damian Milton, msomi mwenye usonji, alikuwa ameshatoa hoja hiyo mwaka 2012: kutoelewana ni kwa pande mbili. Miaka mingi tulimfundisha upande mmoja tu namna ya kuzungumza, nami nikiwa miongoni mwa walimu wanaolipwa kwa kazi hiyo.

Uchovu wako: kundi liitwalo AASPIRE, lililoanzishwa Marekani mwaka 2006 na daktari Christina Nicolaidis na Dora Raymaker, mtafiti mwenye usonji, lilichapisha mwaka 2020 maelezo ya watu wazima kuhusu hali hiyohiyo. Walieleza kuishiwa nguvu kwa muda mrefu, kupoteza uwezo waliokuwa nao na kushindwa kuvumilia sauti au mwanga waliouvumilia zamani, baada ya miaka ya kujificha na kuigiza. Kilichowasaidia ni kupunguziwa mzigo, kukubaliwa, kukaa na watu ambao mbele yao hawaigizi. Watafute watu wazima wenzako wenye usonji kabla ya kumtafuta mtu kama mimi. Muone daktari pia, kwa sababu upungufu wa damu, matatizo ya tezi ya shingoni na sonona navyo huchosha, na mtu mwenye usonji akienda kulalamika mara nyingi huambiwa kila kitu ni usonji.

Jirani yetu ana mtoto mwenye usonji, miaka sita, anayetoroka. Tufanye nini sisi majirani? — Nyumba ya pili

Mkimsikia ametoweka, nendeni kwenye maji kwanza: kisima, bwawa, mto, tangi, mtaro. Nyumbani kwake mtaangalia baadaye. Wengi wa watoto hawa huvutwa na maji, na kuzama ni miongoni mwa sababu kuu za vifo wanapopotea. Katika utafiti wa Marekani wa mwaka 2012, karibu nusu ya wazazi walisema mtoto wao alishajaribu kutoroka angalau mara moja baada ya kufika miaka minne, kwa hiyo mama yule si mzembe. Mwombeni leo awaambie anachokipenda, anachokiogopa na kama huitika akiitwa. Mkimpata, msimzunguke kwa kelele. Mtu mmoja anayemfahamu akae naye chini.

Mwanangu ana miaka 31, ana usonji na anahitaji msaada kila siku. Mimi na mama yake tumezeeka. Tukifa? Na je, nimwambie kwamba nitakufa? — Mzee wa nyumba

Mzee wangu, shikamoo. Barua yako ndiyo iliyonikalisha usiku, kwa kuwa wazazi wangu nao wanaliuliza, na mimi ndiye jibu lao.

Mtoto wa kwanza katika ile orodha ya Kanner aliitwa Donald Triplett. Alizaliwa mwaka 1933 katika mji mdogo wa Forest, Mississippi. Alifanya kazi benki, akacheza gofu, akaendesha gari, akasafiri nchi nyingi peke yake, na akafariki mwaka 2023 akiwa na miaka 89, miongo kadhaa baada ya wazazi wake. Benki ilikuwa ya familia, kwa hiyo tusijidanganye kwamba pesa haikuhusika. Lakini waandishi wawili waliomtembelea, John Donvan na Caren Zucker, walikuta jambo ambalo pesa haikulinunua: watu wa mji walimzoea tangu utotoni, walijua mambo yake, na walimwonya mgeni yeyote asijaribu kumdhulumu.

Kwa hiyo usimtafute mrithi mmoja wa kukurithi kazi yote. Tafuta watu watano au sita wanaomjua kwa vipande: mmoja anajua dawa zake, mwingine anatembea naye jioni, mwingine anasimamia pesa na mwingine anaikagua. Waanze sasa ukiwa hai, alale kwao usiku mmoja, kisha miwili. Ndugu zake waulizwe, wasipangiwe; nilipoulizwa mimi niliweza kusema ninachoweza na nisichoweza, na imetusaidia. Kuhusu maamuzi, usikimbilie kumpokonya yote kisheria. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, wa mwaka 2006, kifungu cha 12, unadai asaidiwe kuamua, na kifungu cha 19 unampa haki ya kuishi katika jamii. Mwanasheria akikuambia hakuna njia nyingine, mwonyeshe vifungu hivyo.

Anza daftari. Andika anavyoonyesha maumivu, maana hicho ndicho kinachopotea kwanza mzazi anapoondoka. Kaka yangu jino likimuuma haligusi, huvua viatu na kuvitoa nje. Hakuna daktari atakayelikisia hilo. Andika anavyolala, sauti asizoziweza, watu anaowapenda, na yaliyowahi kujaribiwa yakashindikana ili yasirudiwe. Mwenyewe awepo mkiandika, aongeze au akatae.

Ndiyo, mwambie. Tumia neno "kufa". Usiseme utalala au utasafiri, kwa sababu mtu anayeyachukua maneno kama yalivyo ataogopa kulala, au atakaa akikungoja urudi. Mwambie mwili utaacha kufanya kazi, hutarudi, na kisha umwambie yatakayofuata kwa mpangilio: nani atakuja asubuhi, atalala chumba gani, nini hakitabadilika. Kama anatumia picha, tumia picha. Huenda asionyeshe huzuni siku hiyo akaionyesha mwezi wa pili, au akauliza swali lilelile kila siku; mjibuni kwa maneno yaleyale. Na mahali hapo kwenye daftari, andika jina la mtu atakayempa habari.